Msivue Jaketi: Barua ya Wazi kwa Wanangu wa Pikipiki

Wanangu,

Natumai barua hii inawakuta wazima. Mzee wenu naye hajambo, ila goti la kushoto bado linanisumbua kila ninapokanyaga gia. Nitawaeleza limepatikanaje, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Siku hizi za joto ninakaa kivulini nikiwatazama mkipita. Huyu amevaa fulana, yule shati amelifungua vifungo vyote linapepea mgongoni, mwingine helmeti ameivisha kiwiko badala ya kichwa. Siwacheki. Joto likikubana, mkono huenda wenyewe kwenye zipu, na dakika chache za mwanzo utaona raha kwelikweli. Shida ni kwamba raha hiyo inakudanganya, na mimi ilinidanganya miaka mingi.

Ngozi ya binadamu ina joto la nyuzi 35 hivi. Hewa ikiwa ya nyuzi 28, upepo unakupunguzia joto, na hapo fungueni matundu yote ya jaketi mfurahi. Lakini hewa ikifika nyuzi 38 au 40, upepo ule ule unakuletea joto mwilini badala ya kuliondoa. Ukiongeza mwendo ili upoe, unajiongezea moto. Mnaujua ule mvuke unaokupiga usoni mlango wa tanuri unapofunguliwa? Ndio huo, tena hauishi mpaka usimame.

Katika hali hiyo mwili unabaki na silaha moja tu, jasho. Na jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote mwilini huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi, ambalo lingetosha kuchukua lita 7 za maji ya nyuzi 20 na kuzifikisha kwenye kuchemka. Ni hazina kubwa. Sasa mwenye kifua wazi anaitapanya. Upepo unalinyakua jasho mara tu linapochomoza, mwili unalazimika kutoa jingine na jingine, na kwa kuwa ngozi yake ni kavu anadhani hatoki jasho hata kidogo. Juu ya hayo jua linamchoma moja kwa moja. Watu wa jangwani hawavai kanzu pana na vilemba kwa sababu hawajui joto.

Mimi nililijifunza hili nikiwa na umri wenu. Barabara ndefu iliyonyooka, saa saba mchana, nimevaa singlendi, jaketi nimelifunga nyuma ya kiti. Nilikuwa ninajiona mwepesi. Nilipofika nilikokuwa nikienda, nilisimamisha pikipiki, nikaitafuta stendi kwa mguu nisiione. Nakumbuka nilishangaa stendi imekwenda wapi. Pikipiki ikalala upande, na mimi chini yake, goti kwenye lami. Sikugongwa na mtu wala sikuteleza. Nilianguka nikiwa nimesimama tuli, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeshapika. Ingekuwa dakika kumi kabla, nikiwa bado mwendoni, barua hii msingeipata.

Basi sikilizeni ninavyofanya siku hizi. Nikipata bomba, ninalivua shati la ndani, la pamba, ninaliloweka mpaka linachuruzika, ninalikamua kidogo na kulivaa hivyo hivyo. Jaketi juu yake. Zipu ya mbele ninaifunga karibu yote, kisha ninaacha upenyo mdogo shingoni na mikononi ili hewa ipite polepole. Polepole, wanangu, hiyo ndiyo siri. Upepo ukiingia wote, shati litakauka kabla hujabadilisha gia ya tatu. Ukiingia kidogo kidogo, maji yanakauka taratibu yakikupoza, na maji hayo si ya mwilini mwako. Kwenye hewa kavu shati langu hukaa na ubichi nusu saa, siku nyingine zaidi. Kitambaa kilicholowa shingoni nacho kina kazi yake. Siku ya kwanza mtaruka kwa ubaridi, mtacheka, halafu hamtaacha.

Kama mnanunua jaketi jipya, chukueni la rangi nyepesi lenye kitambaa cha wavu na kinga ngumu za mabega na viwiko. Jeusi linapendeza, najua. Likisimama juani linageuka kikaango.

Helmeti sitaki hata mjadala. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wanaochambua tafiti za afya, yalionyesha kwamba kwa waliopata ajali helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kama inakuchemsha, fungua matundu yake, lowesha kitambaa chepesi ukivae ndani, na kioo kishushe, kwa sababu upepo wa moto hukausha macho nawe unabaki kupepesa badala ya kutazama njia.

Yote haya ni ya joto kavu. Kwenye hewa nzito yenye unyevunyevu jasho halikauki, na shati bichi halikusaidii sana. Huko fungua matundu, pumzika mara kwa mara kivulini, na kama safari ni yako mwenyewe kuipanga, ondoka alfajiri. Jua la saa sita hadi saa kumi mwachieni mwenye haraka.

Maji sasa. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa, na kiu huja imechelewa. Kunyweni glasi moja kila dakika 15 au 20, msisubiri koo liombe. Kwa safari ndefu maji matupu hayatoshi, kwa kuwa jasho linaondoka na chumvi. Vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi, vinatosha. Chumvi msizidishe mkidhani mnajisaidia. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, hujanywa vya kutosha, hata kama unaapa umekunywa. Pombe ya jana usiku nayo inahesabiwa.

Na chombo chenyewe? Tairi lipimeni asubuhi likiwa baridi, na msipunguze upepo likishapata moto eti limejaa sana, likipoa litakuwa legevu. Injini ya kupozwa na hewa haipendi kunguruma imesimama kwenye foleni ndefu, izimeni. Mengine fundi atawaambia.

Msimsahau abiria. Wewe una usukani wa kukushughulisha, yeye amekaa tu anaungua, tena pengine anaona aibu kusema. Ukisimama kunywa, naye anywe.

Mkiwa wengi, mchungane. Mwenzako kiashiria kinawaka kilomita nzima na hakuna kona, au anakosea gia aliyoizoea, au umemuuliza kitu amekujibu kingine, msimamisheni. Kichwa kikimuuma, akihisi kichefuchefu au misuli ikimkaza huku jasho linamtoka, akae kivulini, anywe taratibu, na siku hiyo asiendeshe tena. Lakini akiongea ovyo, akitembea kama mlevi au akizimia, huo ni kiharusi cha joto. Mwili huwa umepita nyuzi 40 na unaweza kumuua. Msisubiri ngozi ikauke ndipo mwamini, wengine hupatwa nacho wakiwa bado wanatoka jasho. Mmoja apige simu ya msaada wa dharura, wengine mbebeni hadi kivulini. Huyo ndiye mvueni jaketi, na helmeti, na viatu, mmwagieni maji mwili mzima na mpepeeni bila kuacha mpaka msaada ufike. Mdomoni msimtilie kitu kama hajitambui, atapaliwa.

Ni mimi mzee wenu,
wa goti la kushoto.