Bi Mabel hataki kubebwa

London, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaisha,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi mzima, alhamdulillah, ila wewe nina kesi nawe. Siku ile nilipokwambia kwenye simu kuwa nimechukua paka, ulicheka mpaka ukapaliwa. Nilipotaja umri wake, miaka 13, ndiyo ukazidi: "Paka mzee, tena wa kulipia!" Haya, leo sina zamu. Nikueleze mwenyewe, kabla hujamaliza kunitangaza mtaa mzima.

Nilimtoa Battersea, kwenye makao ya mbwa na paka yaliyo karibu na ule mtambo wa zamani wa umeme wenye dohani nne. Si mahali pa juzi pale. Makao yenyewe yalianzishwa 1860 na mama mmoja, Mary Tealby, kwa ajili ya mbwa waliotupwa, na magazeti ya wakati ule yakamcheka kama unavyonicheka wewe. Paka wakaanza kupokewa 1883. Hata Larry, yule paka wa nyumbani kwa waziri mkuu, alitolewa hapo hapo mwaka 2011. Tangu Cameron hadi Starmer, wakubwa wanaingia na kutoka na masanduku yao, yeye kajilalia pale mlangoni. Kwa hiyo ukimsema paka wangu, ujue ana jamaa zake serikalini.

Na usidhani unaingia, unaonyesha kidole, unaondoka naye. Unahojiwa mwanangu, kama unaposa! Una watoto? Una bustani? Mchana uko wapi? Nikasema ukweli wangu: naishi peke yangu, usiku natunza wazee, mchana nalala. Yule dada akatabasamu, akasema anaye wa kunifaa.

Kwenye vipaka vidogo watu walijaa, wanapigana vikumbo. Bi Mabel alikuwa mwisho kabisa, juu ya rafu, katupa mgongo. Kadi yake ilisema hapendi kubebwa, hataki paka mwenzake, anapenda nyumba ya utulivu. Tena ikaeleza kuwa aliyemlea alihamia kwenye nyumba ya wazee, na huko paka haruhusiwi.

Hapo niliishiwa nguvu. Unajua kazi yangu. Mzee anafika jioni na sanduku moja na picha kwenye fremu, na kabla hajavua koti anauliza nani atampa paka wake chakula. Nami huwa namjibu, "Usijali, kapata pazuri," huku sijui lolote. Sasa huyo paka ndiye huyu, kanitupia mgongo.

Utaniuliza mbona sikuchukua mdogo nikamzoesha. Mwenzangu, usiku kucha nainua watu, nageuza watu, naitwa kila kengele ikilia. Nikirudi asubuhi sitaki tena mtu wa kunitegemea kwa kila pumzi. Kipaka kingenimaliza, kinapanda mapazia huku mimi natafuta usingizi. Nilitaka mtu ndani ya nyumba mwenye shughuli zake.

Na shughuli anazo! Mwanzoni alihamia nyuma ya mashine ya kufulia. Chakula kinaisha, mchanga kwenye beseni umechimbwa, mwenyewe humwoni. Nikamwacha, sikumvuta. Halafu asubuhi moja nimekaa na chai yangu, akatoka taratibu, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda kukagua dirisha. Toka siku hiyo tunaishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Akitaka kunisalimu hukaa mbali, ananikazia macho, kisha anayafumba polepole na kuyafumbua. Nami nafumba yangu. Ukinikuta utadhani tumerogwa.

Uzee wake nao nauona, maana ndiyo kazi yangu. Miaka 13 ya paka madaktari wa wanyama huihesabu kama 68 ya mtu, rika la mama zetu. Magoti yanamsumbua. Zamani nadhani alikuwa akiruka mpaka dirishani mara moja. Sasa anasimama chini, anapima kwa macho, anaghairi. Nimemwekea kiboksi cha kukanyagia, na alipokitumia mara ya kwanza alijifanya kana kwamba kimekuwepo siku zote. Mgongoni karibu na mkia ulimi haumfikii vizuri, manyoya yanasokotana, basi namchana kidogo kidogo mpaka mkia uanze kupiga sakafu. Hapo naacha. Kucha pia hazirudi ndani kama za kijana, zisipokatwa hupinda zikamchoma. Kikubwa ni figo, maana paka wengi wakizeeka huharibikia hapo. Akianza kunywa maji kupita kawaida na kukonda, mbio kwa daktari. Kwa hiyo anakula chakula laini chenye majimaji, na bakuli za maji zimezagaa kila pembe, mpaka mimi mwenyewe nakanyaga.

Jambo moja zito, na hili waambie na nyumbani: msithubutu kumpa paka paracetamol. Najua mama yako huwamegea wale wa uani wakiumwa, kwa nia njema. Kidonge kimoja tu chaweza kumuua. Na maua ya lily, yale makubwa ya kwenye vyombo vya maua, hata akiramba unga wake ulioshika kwenye manyoya figo zinakufa. Kazini wananipa maua mara kwa mara. Nashukuru, nayaacha huko huko.

Umeuliza gharama. Daktari ghali, na bima ya paka mzee ghali zaidi, sitakudanganya. Nimeacha kununua chakula cha njiani, nabeba wali wangu kwenye kopo.

Basi ukija Disemba, inshallah, sheria za nyumba ni hizi: kile kiti karibu na kipasha joto si chako, hata ukikikuta kitupu. Usimwite "pss pss", hageuki. Usimbebe. Kaa zako, umpuuze, na kama una bahati atakuja kunusa mkoba wako. Na kwenye mkoba huo usisahau achari ya mama na mabuyu, yale mekundu, si ya dukani.

Wasalimie wote, na Rukia mwambie simu yake nimeiona, nitampigia.

Shoga yako,
Zuhura