Msiwapime watoto ukutani, waacheni waruke

Mhariri habari za kazi, naomba kanafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji.

Juzi binti yangu karudi shule analia, kumbe wameitwa watoto wa timu ya mpira wa wavu maana UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inakuja, basi wakapangwa ukutani kama wanaopimwa sare, warefu huku wafupi kule, na hao wafupi wakaambiwa warudi darasani hata mpira hawajaugusa. Shule siitaji jina, sitafuti ugomvi. Ila mtoto huyohuyo ukwaju wa nyuma ya nyumba yetu hapa Nkuhungu anauchuma kwa kuruka, kaka zake wanahangaika na fimbo.

Sasa huyo aliyewapanga ningemwomba aingie YouTube amtafute Mireya Luis wa Kuba, alishastaafu siku nyingi. Yule dada ana sentimita 175 tu, najua kwetu Dodoma mtasema huo ni mnara, lakini kwa mshambuliaji wa timu ya taifa ni mfupi, wale waliokuwa wanamzuia wavuni wengi wamempita urefu, halafu akiruka anaugonga mpira kwenye mita 3.39! Wavu wa wanawake ni mita 2.24, piga hesabu mwenyewe, ring ya basketi yenyewe ni 3.05. Ukimwangalia unahisi kama kuna mtu kamnyanyua kiunoni.

Na siyo kwamba alikuwa wa maonyesho tu, dhahabu tatu za Olimpiki zinafuatana, Barcelona 1992, Atlanta 1996 na Sydney 2000, ambako fainali Warusi waliongoza seti mbili bila, Wakuba wakachukua zote tatu zilizobaki. Bado ubingwa wa dunia 1994 na 1998. Angezaliwa huku angekuwa darasani anaandika notsi.

Urefu unasaidia jamani sikatai, ila kupima mruko nako siyo kazi, mtoto apakwe chaki vidoleni, asimame kando ya ukuta anyooshe mkono aache alama, kisha aruke aache nyingine, pima katikati hapo. Na huo wavu nao ukazwe maana nilivyopita juzi ulikuwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, nani atajua kama karuka au hajaruka.

Chaki shuleni zipo, futi mi nitakuja nayo.

Mzazi, Nkuhungu, Dodoma