Mdogo wangu, macho yale uliyatoa wapi?

Mdogo wangu,

Mbukwa. Simu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza, basi nakuandikia hapa ambapo najua huwa unapita kimyakimya.

Ya sahani na nani alichanga shilingi ngapi msibani tuyaache. Ninalo moja tu: Bibi Tunguja, yule kizee mchawi uliyemchora.

Unakumbuka jina lilikotoka. Mwanzo 30, Reubeni anaokota tunguja shambani wakati wa mavuno ya ngano, Raheli anazitaka mpaka anamwachia dada yake mume usiku mmoja. Bibi yetu akifika hapo anavua miwani. "Tunguja gani? Ndulele hizihizi? Raheli angekula ndulele angeharisha, asingezaa!" Tulicheka chai ikamwagika. Mimi ndiye niliyekwenda kuchimba, nikakuta mmea wenyewe ni mandragora, wa nchi za Mediterania, ukoo mmoja na ndulele, nyanya na bilinganya, na tunda lake nalo likiiva huwa la njano. Nadhani watafsiri waliazima jina la jirani. Nikakusimulia Wazungu wa zamani walivyoamini mzizi wake una umbo la mtu, ukiung'oa unapiga yowe la kuua, kwa hiyo kazi hiyo anafungiwa mbwa kamba. Hata Shakespeare kalitia yowe hilo kinywani mwa Juliet. Ulikuwa umelala kifudifudi mkekani unachora, hunitazami, lakini penseli ilikuwa imesimama.

Kipaji chako sijawahi kukikana. Ile miiba ya chini ya jani, ambayo wengi hawaijui mpaka iwachome, wewe uliichora mmoja mmoja kwenye vidole vya yule kizee. Hapo nilikuvulia kofia.

Lakini macho, mdogo wangu.

Nilipokuuliza ulinijibu kwamba hata Wamarekani wana Mandrake wao, mwanamazingaombwe wa katuni za magazetini tangu 1934, kabeba jina la mmea huohuo na hakuna aliyelalamika. Sawa. Mandrake kapewa koti la heshima na kofia ndefu, na Lothar, Mwafrika mwenye mabavu, wa kumlinda. Wetu ulimpa macho ya bibi yako. Mekundu vilevile, na lile la kushoto limesinzia. Ni moshi wa kuni wa miaka yote aliyotupikia, wewe unajua, mimi najua. Mtoto wa jirani anajuaje? Nchi hii vikongwe wameuawa kwa macho mekundu.

Siku ile Bibi alirudi kutoka kisimani, watoto nyuma yake, "Tunguja! Tunguja!" Akatua ndoo. Akaniambia nimletee hiyo karatasi. Akaisogeza dirishani, akapitisha dole gumba juu ya macho, polepole, kama anayefuta vumbi. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, ikamshika. Akalitazama dole lake.

"Macho kayapata," akasema. Akanirudishia, akaenda kuchambua mlenda.

Hakusema jingine mpaka anakufa. Na wewe ulikuwa mjini, ukanitumia picha ya watu wanaocheka.

Ushauri wangu kama dada yako: ukimchora mchawi, usianzie nyumbani. Uliza kwanza. Mwonyeshe mtu mzima kabla hujatoa nakala. Najua utasema mtu mzima alikuwapo, tena ndiye aliyelipia zile nakala hamsini pale steshenari. Nililipa, ndiyo. Nililipa kwa sababu ulikuwa huna kazi na nilitaka ujione mtu. Hadithi nilikupa mimi, jina tulilipata wote, lakini sikukuambia uweke macho yale. Na nilipoyaona nilidhani Bibi hatayaona, maana haoni vizuri. Ndivyo nilivyodhani.

Wasomaji wengine mnisamehe, haya ni ya kwetu.

Arobaini ni Jumamosi. Mama anauliza kama unakuja, nimemwambia unakuja. Ndulele zimeota hadi ukingoni mwa kaburi, mvua ya mwaka huu haikuchagua, njoo na jembe lako.

Karatasi ninayo, ina alama ya dole lake. Usiniulize kwa nini sijaichoma.