Barua ya wazi kwa dada yangu: ile picha ya mlango wa bluu

Dada yangu,

Shikamoo. Simu zako sizipokei na sababu unaijua, kwa hiyo nimeona nikuandikie hapa mbele za watu, kwani mbele za watu huwa unasikiliza.

Safari yenyewe sina ugomvi nayo. Wewe ndiye uliyekichagua kisiwa cha Milos, kule Ugiriki, ukisema umechoshwa na watu wanaokimbilia Santorini, na hadi leo nakushukuru. Ulinipeleka Sarakiniko, kwenye lile jabali jeupe la majivu ya volkano ambalo mawimbi yamelilainisha likawa kama unga uliokandwa. Ulinieleza kwamba obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, ilivushwa kutoka kisiwani humo hadi bara zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, ukauliza kwa utani ni nahodha gani huyo aliyethubutu kabla tanga halijajulikana.

Siku ya nne tuliketi kwenye ngazi za marumaru za ukumbi wa Kirumi, karibu na mahali ambapo mkulima mmoja alifukua, mwaka 1820, sanamu isiyo na mikono ya Afrodite, mungu wa kike wa mapenzi wa Wagiriki, ambayo sasa iko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Hapo ulinisimulia habari za mwaka 416 kabla ya Kristo: jinsi Waathene walivyofika na merikebu zao, wakawataka wenyeji wasalimu amri, na walipokataa wakawaua wanaume na kuwauza wanawake na watoto utumwani. Ulisema kilichokuudhi zaidi ni kwamba walidai kuwatakia mema.

Simu yako ililia tukiteremka kwenda Klima. Ulisogea pembeni, ukazungumza kwa sauti ya chini, ukarudi ukasema ni mambo ya kazini.

Unavikumbuka vibanda vile vya wavuvi, ambavyo wenyewe huviita syrmata: mashua chini, watu juu, milango ya kila rangi, na maji yakigonga vizingiti. Mimi nilimfikiria Baba tu, aliyemaliza maisha yake Pangani akikalafati mashua za wenzake. Nikawa napiga picha za kila kitu ambacho angekiuliza: mikuku, mbao za kuteremshia mashua, mafundo ya kamba. Nikakuomba usimame kando ya mlango wa bluu ili Baba aweze kukadiria upana wake. Ukasimama. Ukatabasamu. Ilikuwa saa kumi na robo, na wakati wa kiangazi saa za Ugiriki ni sawa na za kwetu. Saa hiyo Baba alikuwa anapelekwa makaburini, nawe ulijua.

Ulijua kwa siku tatu. Tulikwenda Paliochori, ambako joto la volkano huuchemsha mchanga, ukanisihi nivae kandambili nisiungue. Usiku nilisikia maji yakimwagika bafuni kwa muda mrefu, nikadhani unaoga. Leo naelewa, na moyo wangu hukuonea huruma, kisha naikumbuka feri ya kurudi Piraeus, uliponiambia kwamba hata ningepata habari siku ile nisingewahi maziko, na kwamba ulinitakia mema. Maneno yale yale, dada! Mimi sikutaka kuwahi maziko. Nilitaka kumlilia baba yangu siku aliyokufa.

Kwa hiyo nakuusia: msiba haufichwi, na mfiwa hapangiwi siku ya kulia. Wala usiniambie kwamba mimi mwenyewe nilizima simu tangu tulipopanda feri. Niliizima kwa sababu mwezi ule kila aliyepiga kutoka nyumbani alitaka fedha, na nilikuwa nimekwisha kutuma. Baba alipiga mara mbili wiki moja kabla ya safari, lakini nilikuwa zamu ya usiku, na mtu wa zamu ya usiku hulala mchana. Hilo hata yeye alilijua. Nilikusudia kumpigia nikiwa na picha za kumwonyesha.

Hitima ya mwaka itasomwa mwezi ujao, nami nitakuja. Mama ameiona picha ya mlango wa bluu kwenye simu ya kaka na ameniomba nimsafishie aitundike sebuleni, kwa kuwa anasema hajawahi kukuona umependeza namna ile. Ameniuliza ilipigwa lini. Nimemwambia sikumbuki.