Asanteni sana kutoka kwa familia ya Mama, Nyalenda

Ndugu zetu, majirani wa Nyalenda, akina mama wa soko la Kibuye, watu wa kanisa na nyinyi nyote mliotuma chochote, hata wale wa mia mia, tunasema asanteni, erokamano sana. Mama ametoka wodini Alhamisi, jana ameketi nje chini ya mwembe akaitisha chai mwenyewe, wacha tu.

Wengi mmeuliza, na ni haki yenu juu ya pesa ni zenu, mbona sai ni nyongo na 2019 tulichanga ya figo. Sasa ni hivi, 2019 alitolewa figo moja ilikuwa na uvimbe, ile ilibaki ndio imekuwa ikifanya kazi ya mbili. Juzi macho yakageuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo cheupe, na kujikuna jamani, usiku tulikuwa tunamsikia akijikuna na gunzi la mahindi mpaka mikono inatoka damu. Sisi tukadhani ni malaria, tukamnunulia diclofenac, ile dawa ya maumivu, dukani, na hatukumwambia mwenye duka kuwa mama ana figo moja, hiyo tunajuta mpaka leo.

Kumbe jiwe lilitoka kwa kifuko cha nyongo likaziba mfereji, nyongo haishuki tena tumboni, inarudi kwa damu. Daktari alituketisha akatuelezea pole pole, nyongo ikijaa kwa damu inaumiza figo, saa zingine inaganda kwa vile vimirija vyake ndani, halafu mama alikuwa anatapika, maji yameisha mwilini, na hiyo diclofenac nayo inapunguza damu inayofika kwa figo. Mwenye figo mbili anaumia pia lakini mama hakuwa na ya akiba. Kretinini, ule uchafu wa damu ambao figo hutoa, ikawa inapanda kila siku na mkojo unapungua, mama mdogo alikuwa anainua ile chupa ya mkojo kwa dirisha kila asubuhi aone imefika wapi, anatuangalia tu bila kusema.

Ndio maana tuliwasumbua na simu usiku ule, haikuwa ya kungoja mwisho wa mwezi. Alidungwa kwanza vitamini K kwa sababu bila nyongo tumboni mwili hauichukui vizuri na damu haigandi haraka, akawekewa maji, ndio wakapitisha kamera mdomoni wakatoa jiwe. Siku ya tatu mkojo ukarudi, kretinini ikaanza kushuka, haijafika pale ilikuwa zamani lakini mashine ya kuosha damu hakuhitaji, Mungu ni mwema.

Pesa iliyobaki ni ya kutoa kifuko chenyewe, tarehe tutawaambia, na risiti zote ziko kwa mweka hazina kwa bahasha ya kaki, mtu yeyote akitaka aangalie. Wa kumtembelea karibuni kuanzia saa kumi jioni, ila tafadhali msimletee dawa ya maumivu wala miti shamba, mleteeni stori za soko, hizo ndio anauliza.