Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa redio yetu: turudishieni matokeo ya mpira

Ndugu Mkurugenzi,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za heshima. Jina la redio yako siliandiki, wewe unajijua na sisi wasikilizaji wako wa huku Mbinga tunakujua.

Jumapili iliyopita baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku kijana wako alisoma matokeo ya Simba, akasoma ya Yanga, akaigusa Azam kidogo, halafu akasema "matokeo mengine mtayakuta kwenye kurasa zetu za mitandao ya kijamii", likaingia tangazo la kubeti, na baada ya hapo watangazaji wawili wakaanza kubishana kuhusu Arsenal karibu nusu saa nzima. Yaani nusu saa ya Arsenal ipo ila sekunde kumi za Majimaji, timu yetu ya Songea, hazipo. Hongereni sana.

Baba yangu alikuwa amekaa na redio sikioni muda wote huo. Mzee ana mtoto wa jicho macho yote mawili, sasa hizo kurasa zenu azisome na nini mkurugenzi? Na hata mimi mwenye macho, kijijini kwetu mtandao unapatikana juu kilimani tu, tena ikinyesha haupatikani kabisa. Usiku ule nilipanda na tochi kwenye utelezi, nimenunua bando kwa hela iliyokuwa ya sabuni, nafungua huo ukurasa wenu nakuta mmeweka picha ya mchezaji anatakiwa heri ya siku ya kuzaliwa. Matokeo hamna. Nimerudi nimelowa, mzee ananiuliza "vipi?" namwambia baba sijapata, akasema kumbe na simu nayo haijui.

Sio kwamba namtetea baba yangu tu. Nyie vijana wa studio mnadhani matokeo ni kitu cha kujaza muda lakini nyie hamjui ilivyokuwa. Huku Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, wenzetu Zanzibar walikuwa nayo toka miaka ya 70, sisi mpira wote tuliuona kwa masikio kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Sauti za kina Ahmed Jongo na Charles Hilary, Mungu amrehemu, ndizo zilizotuonyesha Uwanja wa Taifa wengi wetu kabla hatujawahi hata kufika Songea mjini. Mwaka 1979 Simba kafungwa nne bila na Mufulira Wanderers ya Zambia palepale Dar, watu wameshakata tamaa, wakaenda Lusaka wakashinda tano bila, na mwaka huohuo Peter Tino wa Taifa Stars akafunga kule Ndola tukaenda fainali za Afrika za Lagos 1980. Baba anayasimulia hayo kama alikuwa uwanjani, kumbe alikuwa jikoni kwa bibi na redio ya mkulima, betri zimeanikwa juani mchana kutwa ili zifike saa mbili.

Na baada ya hizo mechi kubwa kulikuwa na matokeo, ndiyo hasa ninayoyadai. Msomaji alikuwa hana haraka. Anataja mji kwanza, halafu uwanja, halafu timu: Mkwakwani Tanga, Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya, Majimaji Songea, na timu ya kijijini au ya kiwandani inatajwa kwa heshima ileile ya Simba na Yanga. Baba alikuwa na kaunta buku, amepiga mistari kwa rula: kucheza, kushinda, sare, kufungwa, magoli, pointi, enzi hizo ukishinda unapata pointi mbili. Msomaji akisoma yeye anaandika, kesho asubuhi watu wanaoenda kwenye kahawa wanapita nyumbani kuuliza Majimaji ipo ya ngapi, maana gazeti la Dar mpaka lifike Mbinga habari zimeshapoa. Tukuyu Stars walipopanda wakabeba ubingwa mwaka uleule, 1986, kisha mwaka uliofuata wakashuka, yote yapo mle kwenye kaunta buku, na ubingwa wa Coastal Union wa 1988 upo.

Sasa hivi naandika mimi kwa niaba yake na kuna mistari mitupu. Toka Majimaji ishuke Ligi Kuu 2018 kwenu ni kama imekufa. Inacheza bwana! Watu wanalipa kiingilio, wanapigana mpaka na marefa! Pamba imekaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 ikarudi msimu wa 2024/25, je mngewauliza watu wa Mwanza hiyo miaka yote walikuwa wanashabikia nini?

Sababu sijui maana hamjibu barua. Nasikia wawakilishi wenu wa mikoani hawalipwi kwa wakati kwahiyo hakuna wa kutuma matokeo. Wengine wanasema ni hela za kubeti, kwamba timu isiyokuwepo kwenye mkeka, ile orodha ya mechi za kubashiri, haina biashara. Au labda mnaona aibu kusoma majina ya timu za mikoani, maana kijana wako juzi juzi alishindwa kutamka Namtumbo, wilaya ya hapahapa Ruvuma.

Ila nikukumbushe kitu. Ulipokuja kuzindua mnara wenu hapa wilayani ulisimama jukwaani, ukapigiwa ngoma, ukasema redio hii ni ya mwananchi wa chini na matokeo ya ligi zote yatasomwa kila wikiendi. Tulipiga makofi. Mzee alipelekwa kwa pikipiki kuja kukusikiliza, na nauli niliitoa mimi.

Saa hizi redio ni mimi. Napanda kilima, nashuka, namsomea, na bado ananilaumu eti nasoma kama nafukuzwa, nataja goli kabla ya timu. Nina mahindi ya kupalilia mkurugenzi, sina mshahara wa utangazaji.

Naomba dakika tano. Jumamosi na Jumapili, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, Ligi Kuu, Championship na zilizo chini yake, bila muziki nyuma na asome polepole mtu awahi kuandika. Kama tano ni nyingi basi tatu. Kama tatu nazo zimeshauzwa, someni basi Majimaji peke yake.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Msikilizaji, Mbinga, Ruvuma

NB: Tangazo la kubeti likae baada ya matokeo, sio katikati. Mzee akilisikia anadhani yameisha anazima redio kutunza betri.