Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: miche 62 tumeisikia, waliopanda je?

Mheshimiwa, shikamoo. Mi si mtu wa siasa, nina duka dogo la nyavu na ndoana hapa Pangani mjini, na hili jambo nimekaa nalo tangu siku niliyoalikwa kwenye hafla moja hivi (sitaitaja, walioandaa ni watu wazuri na pilau lilikuwa la kushiba) akasimama mzungumzaji akatupa historia ya mkonge. Akaanza na Dokta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, mwaka 1893, miche 1,000 imeagizwa Florida ikapitia Hamburg, njiani ikafa ikafa mpaka ikabaki 62 tu, ikapandwa Kikogwe hapahapa Pangani, na hiyo 62 ndo mama wa mkonge wote wa mkoa huu. Watu makofi. Alafu akaruka moja kwa moja mpaka Uhuru, tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka, Tanganyika namba moja duniani, asanteni sana, tukaenda kula.

Sasa mheshimiwa, hivi hiyo miche ilijipanda?

Maana Pangani kabla ya mkonge ilikuwa nchi ya miwa. Mashamba ya Waarabu kando ya mto, miwa inasagwa, sukari inashuka na mto inapakiwa majahazini, na kazi yote hiyo ni ya watumwa. Kulikuwa na wajinga, ndo waliitwa hivyo wale walioletwa karibuni kutoka bara, na wazalia waliozaliwa hapahapa, na kwa desturi ya pwani mtumwa wa shamba alikuwa na siku zake za kujilimia, Alhamisi na Ijumaa, ila muwa ukishakatwa hausubiri, ukilala unachacha, kwahiyo we piga hesabu mwenyewe bwana wa miwa alizipenda vipi hizo siku mbili. Abushiri bin Salim tunamwita shujaa, na ni shujaa kweli, mwaka 1888 alisimama dhidi ya Wajerumani wakati wengine wanatafuta pa kujificha, na wakamnyonga hapahapa Pangani Desemba 1889. Lakini Abushiri huyohuyo alikuwa na shamba lake la miwa na watumwa wake. Yote mawili ni kweli na sioni kwanini tuogope kuyasema kwa pumzi moja.

Shuleni tulifundishwa ukabaila ni wa Ulaya, ukibanwa sana unataja nyarubanja, ule ukabaila wa ardhi wa kule Bukoba, unapata maksi zako. Hakuna mwalimu aliyetuambia tufungue dirisha tuangalie ng'ambo ya mto.

Na kuna watu wanaamini Mjerumani ndo alifuta utumwa. Hakufuta! Alichofanya ni kutoa amri kwamba mtoto atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru, mama yake aendelee hivyohivyo, na utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria 1922 Mwingereza akiwa ameshaingia. Hapo katikati kulikuwa na kitu kinaitwa kukombolewa, nacho ukikisikia haraka unakisifu. Mzungu mwenye shamba anamlipa bwana bei ya mtumwa wake, mtumwa anapewa hati ya uhuru ya serikali, ana karatasi yake mkononi, alafu anakwenda kufanya kazi shambani kwa huyo mzungu mpaka ile pesa irudi. Yaani mtu katoka kwenye miwa kaingia kwenye mkonge, kabadilisha bwana, na kaambiwa ashukuru.

Kwa wasiokuwa watumwa nako mlango ulifungwa taratibu. 1895 ikatoka sheria kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya serikali ya Ujerumani, na anayeamua kama ina mwenyewe ni serikali hiyohiyo. 1898 ikaanza kodi ya nyumba, rupia 3 huku mashambani, na rupia hazioti kwenye mnazi, zinapatikana kwa mzungu. Bado watu wakawa wanapenda kulima mihogo yao kuliko mkonge wa mtu, basi 1907 kule Wilhelmstal, ndo Lushoto hiyo, kikaja kipande, yaani kadi ya kazi: kila mwanaume lazima afanye kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi 4, kwa mshahara uliopangwa na wao, asiyetaka anapelekwa kazi za serikali. Vita Kuu ya Kwanza ikaisha, Mwingereza akayataifisha mashamba ya Wajerumani akayapiga mnada, wakaingia Wagiriki, Wahindi, Waingereza wenyewe, baadae 1925 na Wajerumani wakaruhusiwa kurudi. Mabwana walibadilika, kipande kikabaki.

Mimi sisemi haya kwa sababu ya vitabu, nasema kwa sababu ya kopo. Mama yangu ana kopo la maziwa ya unga lililoota kutu, ndani kuna kipande cha babu. Babu ni Mngoni wa Songea, aliletwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa 1944 kukusanya watu kutoka mbali, ndo hao tuliowaita manamba kwa vile mtu alikuwa anaitwa kwa namba yake. Kambini kulikuwa na nyapara, posho ya unga na maharage, duka la kukopesha, vireli vya troli vinaingia mpaka korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, na nyumba ya meneja imekaa juu ambapo inaona kila mlango. Babu alikuwa mkataji. Unakata jani, unakata mwiba wa nchani, unafunga fungu la majani 30, unalibeba mwenyewe mpaka kwenye reli, na yale maji ya mkonge yanawasha mpaka alikuwa analala na mikono nje ya shuka. Bibi alikuwa kwenye brashi, mashine ya kusafisha singa, zile nyuzi za mkonge, zikimwingia kifuani, alikohoa mpaka anazikwa.

Kipande chenyewe ni kikaratasi kigumu ukubwa wa kiganja, kimekunjwa mara moja, kina vibox 30. Siku ukimaliza kazi yako box moja linawekwa alama, usipomaliza hiyo siku haihesabiwi, na mshahara unatoka box zote 30 zikijaa. Cha babu kina alama 27. Tatu nyeupe. Mama anasema wiki ile babu alishikwa na homa, alipopona akahamia shamba jingine na hakurudi kuudai mshahara wake, sa hizo siku 27 nani alikula? Nimezihesabu mara nyingi nikidhani labda kuna alama imefutika. Ni 27.

Mimi jina langu la mwisho ni la Songea na Songea sijawahi kufika. Mkoa wako umejaa watu kama mimi mheshimiwa, Wabena, Wamakonde, Waha, Warundi, wajukuu wa manamba, tunaongea Kiswahili cha Tanga na tunakula muhogo kwa samaki kama Wadigo na Wazigua, na ukituuliza tumefikaje hapa jibu letu ni "babu alikuja kukata mkonge" basi.

Ninachoomba si kikubwa na hakihitaji bajeti ya kutisha. Ukivuka pantoni kwenda Bweni ukashika njia ya Mwera, huko kwenye mashamba ya Kikogwe, pawekwe kibao, kwa Kiswahili kwanza, na Hindorf na miche yake 62 awemo, simkatai, ila chini yake waandikwe wajinga na wazalia, waliokombolewa kwa deni na manamba. Alafu ofisi yako itoe tangazo kupitia wenyeviti wa vijiji, mwenye kipande cha mzee wake akilete kipigwe picha, kiandikwe, arudishiwe. Mchwa na unyevu wa pwani havisubiri kikao, na wazee waliowahi kulala kambini wanapungua kila msimu wa mvua.

Cha kwetu mama amekubali tukiazimishe kiwekwe kwenye kioo, kwa sharti moja tu, kilazwe upande wenye vibox ili mtu ahesabu mwenyewe. Duka langu liko karibu na pantoni, nipo kila siku kasoro Ijumaa mchana.